Muuza vepu, taja omu!
Hapa Kisumu ukiulizia koili ya vepu, yaani ule waya unaopasha moto majimaji ya sigara ya kielektroniki, muuzaji anakupa yoyote inayoingia. Omu, kipimo cha jinsi koili inavyozuia umeme, hazitaji kabisa, ilhali zimeandikwa pale ubavuni kwa maandishi madogo: 0.2, 0.6, 1.2. Jamani, hiyo namba ndiyo kila kitu! Betri ya volti 3.7 ikipeleka umeme moja kwa moja, koili ya omu 1.2 inakula wati 11 hivi, ya 0.2 inafika 68. Kwa hiyo ya 0.2 mvuke mzito utaupata, sawa, lakini majimaji yanaisha mbio na chaji haifiki jioni. Halafu stima ipotee Kondele, utachaji wapi? Mbaya zaidi, betri dhaifu ikilazimishwa kutoa umeme wa ampea 18 unaotakiwa na koili hiyo inachemka mkononi. Hiyo ni hatari, si hasara tu. Tusomeeni namba kabla hatujalipa!