Kombucha ya kiangazi si kombucha ya kipupwe

Ubishi juu ya kombucha hapa Arusha una pande mbili. Muuzaji anakwambia chai hii iliyochachushwa inaondoa kisukari, presha, vidonda vya tumbo na uchovu. Mhudumu wa afya, ambaye ameshapokea wagonjwa walioacha dawa kwa sababu ya chupa za namna hiyo, anajibu kwamba ni sukari, pombe na uchafu wa jikoni. Huyu wa pili namwelewa. Anayeacha metformini, dawa ya kisukari, kwa ajili ya kinywaji anahatarisha macho, figo na miguu yake, na hakuna glasi ya chai itakayomrudishia. Ila katika kuwajibu wauzaji tumeitupa na chai yenyewe, na chai yenyewe ina hoja nzuri kuliko wanaoiuza.

Chukua ile namba inayozunguka WhatsApp, kwamba kombucha inashusha sukari ya damu kutoka 9 hadi 6. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na wenzao walichapisha jaribio dogo la watu 12 wenye kisukari aina ya pili. Kwa wiki nne walikunywa kombucha kila siku, glasi ya mililita 240 hivi. Kwa wiki nyingine nne, baada ya kupumzika, walikunywa kinywaji cha kufanana nacho kisicho kombucha. Katika kipindi cha kombucha, wastani wa sukari ya asubuhi kabla ya kula ulishuka kutoka 164 hadi 116 (mg/dL, kipimo cha Marekani). Kwa mashine zetu za kutoboa kidole, hiyo ni kutoka 9.1 hadi 6.4 (mmol/L).

Anayeamka na 9 kila siku anajua uzito wa 6.4. Simlaumu anayeisambaza habari hiyo kwenye kundi la familia. Lakini ujumbe unaachia njiani nusu ya pili: walipokunywa kile kinywaji kingine, sukari ilishuka pia, kutoka 162 hadi 141, yaani kutoka 9.0 hadi 7.8. Katika kipindi hicho hawakuonja kombucha, na bado imeshuka. Mtu anayejua atapimwa huanza kuangalia sahani yake, hupunguza ugali wa usiku, hukumbuka dawa zake. Huenda sehemu ya kushuka kule ni ya chai na sehemu ni ya mtu kujichunga, na kwa watu 12 huwezi kuzitenganisha vizuri. Ukitoa kushuka kwa kinywaji kile (1.2) kwenye kushuka kwa kombucha (2.7), inabaki kama 1.5. Hiyo 1.5 ndiyo ninayoitetea. Haitoshi kumwachisha mtu dawa, lakini ni kubwa mno kuitupa bila kuipima kwa watu wengi zaidi, katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari.

Ushahidi mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC pale Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha utafiti wa wanaume vijana 77 wenye afya njema, wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, na viashiria vya mchochota mwilini (kinga kuwaka kana kwamba inapambana na ugonjwa) vikapanda. Wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili walikwenda kinyume chake. Kundi lililokunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja nalo lilionyesha mchochota kupungua. Mbege si chai, na ina pombe, kwa hiyo sitaki mtu aende kilabuni kwa kisingizio cha utafiti. Lakini inaonyesha kwamba vinywaji vya kuchachusha vinaweza kugusa kinga ya mwili kwa namna inayopimika, tena katika miili ya watu wa hapa. Anayecheka kombucha kwamba ni mtindo wa wageni angekumbuka togwa na mtindi aliokuzwa nao.

Kisha kuna hesabu ya soda, ambayo kwangu ina nguvu kuliko maabara zote. Mililita 300 za kola zina sukari gramu 32 hivi, sawa na vijiko vinane vya chai. Kombucha ya nyumbani ukiianza na gramu 70 za sukari kwa lita, mililita 300 zina gramu 21 hata kabla bakteria hawajagusa chochote. Wakishakula, zinapungua tena. Kwa kijana wa bodaboda anayemaliza soda mbili kila mchana, kubadilisha moja tu tayari ni faida.

Sasa niseme ambalo pande zote mbili hazilisemi: majira. Watu huniuliza kama inafaa zaidi kipupwe, kwa mafua, au kiangazi, kwa kiu. Kwa mafua sioni msingi wa kuiuza. Na wanaoipasha moto na tangawizi mwezi wa Julai wanaua bakteria walewale waliowanunua. Ladha na asidi zinabaki, uhai unakwisha. Majira yana umuhimu mkubwa sana, ila umuhimu wenyewe uko kwenye mtungi.

Bakteria na hamira za kombucha hupenda joto la nyuzi 24 hadi 29. Februari pale Moshi mchana unafika 33. Ukifunika mtungi wa kioo kwa kitambaa na mpira, siku ya tano ukionja inakukuna koo, utamu umekwisha. Julai hapa Arusha, Meru imejifunika mawingu siku nzima na usiku joto linashuka hadi 12 hivi, mapishi yaleyale siku ya kumi bado ni chai tamu iliyopoa, na utando wa juu, unaojengwa na bakteria hao, ni mwembamba, ukiuinua unachanika. Asidi haijapanda vya kutosha kuzuia ukungu. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa glasi moja kila siku mwaka mzima, akihesabu siku saba kama alivyofundishwa, kipupwe anakunywa sukari nyingi kuliko kiangazi, na hana habari.

Kwa hiyo kuhesabu siku peke yake hakumsaidii mtu wa huku. Onja, na ukipata karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imepanda), subiri ishuke chini ya 4.2. Julai usogeze mtungi karibu na jiko, mbali na moshi. Ukiona ukungu wenye manyoya, mwaga vyote pamoja na utando.

Hofu ya pombe ni ya kweli na inastahili heshima, hasa kwa Waislamu, walokole na Wasabato ambao wanauliza kwa nia njema na kujibiwa kwa mzaha. Kombucha ina kilevi. Ikitunzwa vizuri inaweza kubaki chini ya asilimia 0.5, lakini chupa iliyofungwa na sukari ndani, ikikaa dirishani Februari, inavuka hapo. Mwaka 2010 baadhi ya maduka Marekani yaliiondoa rafuni kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 1995 kule Iowa wanawake wawili waliokuwa wakiinywa waliugua vibaya na mmoja akafariki. Wachunguzi hawakuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyosababisha, ila tukio hilo linatosha kuwakataza wajawazito na wenye kinga dhaifu. Na usiitengenezee kwenye chungu cha udongo kilichopakwa rangi, kwa sababu asidi inaweza kutoa madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye rangi hiyo.

Ninachowaomba wauzaji wetu ni kuacha orodha ya magonjwa kwenye lebo na kuandika mambo matatu: tarehe chai ilipowekwa kwenye mtungi, tarehe chupa ilipofungwa, na gramu za sukari zilizowekwa kwa kila lita. Mnunuzi wa kipupwe akiona siku saba tu kati ya tarehe hizo mbili, aulize mtungi ulikaa wapi.