Asilimia mia ya nani?

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Juu jina la mwanafunzi na darasa lake, katikati somo analoacha na somo analochukua, chini nafasi ya sahihi tatu: mzazi, mwalimu wa somo, mwalimu mkuu. Kila mwaka, matokeo ya muhula wa kwanza yakishatoka, fomu hizi huanza kuletwa mezani kwangu. Somo linaloachwa ni Uhasibu. Linalochukuliwa mara nyingi ni Utalii.

Mimi ni Mtanzania. Nafundisha Uhasibu darasa la 10 hadi la 12 katika shule ya serikali isiyotoza ada huku Afrika Kusini, jimbo la Limpopo, upande wa Wavenda. Nilikuja kwa mkataba baada ya vyeti vyangu kuhakikiwa na baraza la walimu kunisajili, na mpaka leo niko kwa mkataba. Lugha niliyoiogopa ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko yote. Kivenda mtu ni muthu, na mbili ni mbili vilevile, kwa hiyo wiki ya pili nilikuwa nacheka vichekesho vya ofisini hata kabla havijaisha. Darasani ni Kiingereza, na hapo watoto wanahangaika kama nilivyohangaika mimi kidato cha kwanza, nilipotoka kwenye hesabu za Kiswahili na kukutana na debiti na krediti, zile pande mbili za kila akaunti. Mwalimu wangu alitukaririsha: apokeaye debiti, atoaye krediti. Huku hawakaririshi hivyo. Wanaanza na mlinganyo, mali ni sawa na mtaji jumlisha madeni, na kila muamala lazima uonyeshe umegusa upande upi. Nakiri njia yao ni bora kuliko yetu.

Somo lenyewe nalipenda. Tangu mwaka 2020 mtihani wa matriki, yaani wa kumaliza darasa la 12, una karatasi mbili za saa mbili mbili, kila moja alama 150. Ya kwanza ni taarifa za fedha za kampuni na tafsiri yake, ya pili ni gharama za uzalishaji, bajeti, bidhaa ghalani na udhibiti wa ndani. Mtoto hapewi tarakimu za kujumlisha tu. Anaulizwa mkurugenzi huyu kafanya nini, sheria inasemaje, wewe ungemshauri mwenye hisa vipi. Hata usahihishaji una utu ndani yake: ukikosea mwanzoni, kosa lile halikuadhibu mara mbili, ukiendelea kwa njia sahihi unapata alama za njia. Kuna na adhabu ya kuingiza kitu kigeni, yaani tarakimu isiyohusika na taarifa ile. Mara ya kwanza kusoma maneno hayo kwenye mwongozo nilicheka peke yangu, mgeni mimi.

Basi kwa nini wanaliacha? Jibu la haraka ni kwamba somo ni gumu. Mimi nasema tunawaharibia mapema. Darasa la 7 hadi la 9 kuna somo linalochanganya uchumi, ujasiriamali na elimu ya fedha, na mtaala unataka elimu ya fedha ichukue asilimia 40 yake. Humo ndimo mtoto anapotakiwa kukutana na jarida la fedha taslimu, leja na urari. Sasa tazama ratiba ya shule nyingi: somo hilo anapewa anayepungukiwa vipindi. Mwalimu wa historia, mwalimu wa dini, yeyote. Naye, binadamu, anafundisha anachokiweza. Ujasiriamali utafundishwa, na siku ya soko itafanyika, watoto wauze magwinya, ambayo ni maandazi ya huku, wapige picha. Leja haifunguliwi. Mtoto anafika kwangu darasa la 10 akiamini debiti ni kitu kibaya kinachotokea kwenye akaunti ya benki ya mama yake.

Nina kama wiki kumi kabla ya fomu. Katika wiki kumi hizo sifundishi miaka mitatu iliyorukwa, labda niwe mchawi.

Tarakimu za taifa zinasema jambo hilohilo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2009 watahiniwa zaidi ya 170,000 walifanya Uhasibu wa matriki. Mwaka 2014 walikuwa kama 126,000. Mwaka 2019 walikuwa kama 80,000 tu. Idadi imepanda kiasi baadaye, lakini angalia kilichotokea pembeni katika kipindi hichohicho: ufaulu wa jumla wa taifa ulitoka asilimia 60.6 mwaka 2009 ukafika 81.3 mwaka 2019. Sidai kuporomoka kwa Uhasibu ndiko kulikoinua ufaulu. Yapo mengi mengine, na walimu wengi wamefanya kazi ya kweli. Lakini anayefundisha somo hili anajua hesabu ya sehemu. Ukitaka asilimia ipande una njia mbili, uongeze walio juu ya mstari au upunguze walio chini yake. Njia ya pili haihitaji kufundisha.

Kila Januari matokeo yakitangazwa, shule zinapangwa kwa asilimia. Aliye chini anaitwa kujieleza, na mwalimu mkuu akirudi kutoka huko harudi na wazo la kuimarisha darasa la 8. Anarudi na orodha ya watoto wa kuhamishwa somo.

Nimetendewa haki na mwalimu mkuu wangu, kwa hiyo na mimi nimtendee. Hoja yake ina uzito. Mtoto aliyepata asilimia 12 mwezi wa tatu, unamfungia ndani ya somo hili miaka mitatu kwa faida ya nani? Akifeli si anaweza kukosa cheti? Tena ananikumbusha kwamba vyuo vikuu, hata kwa anayetaka kuwa mhasibu aliyesajiliwa, vinauliza Hisabati, haviulizi Uhasibu wa sekondari. Ni kweli. Nchi hii ilimpata Mweusi wa kwanza mwenye sifa hiyo mwaka 1976, Wiseman Nkuhlu, na wanafunzi wenye Hisabati nzuri wanaohamasishwa na bango lake hawanihitaji mimi.

Ila mimi siwafikirii hao. Nawafikiria wale ambao hawatafika chuo, na huku kwetu ndio wengi.

Benki ya VBS ilizaliwa hapa Venda mwaka 1982, ikiwa ni chama cha kukopesha fedha za nyumba. Machi 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Oktoba ikatoka ripoti ya uchunguzi ulioagizwa na Benki Kuu: karibu randi bilioni 2 zilikuwa zimechotwa. Wakaguzi walikuwa wameshapitisha hesabu zake, wakaja kuiondoa hati yao baadaye. Waliopanga foleni mlangoni walikuwa bibi wenye akiba za stokvel, ambazo ni upatu wetu uleule, na vyama vya mazishi. Naifundisha habari hiyo darasa la 12 tukifika kwenye maadili na ukaguzi, na sijawahi kuifundisha darasa likiwa na usingizi. Kila safari yupo anayesema, na bibi yangu pia.

Siamini mtoto mwenye alama 38 za Uhasibu angeizuia VBS. Naamini angeuliza kitu. Angejua kwamba faida na pesa iliyomo benki ni vitu viwili. Angejua kwa nini mkate mweupe dukani una kodi ya asilimia 15 ndani yake na mkate wa kahawia hauna, jambo ambalo shangazi yake mwenye duka la mtaani anatakiwa alijue leo, asisubiri shahada ya mtu.

Ninachotaka ni kitu kidogo, tena ni cha kihasibu. Shule ikibandika ukutani asilimia ya waliofaulu somo, ibandike pembeni yake idadi ya walioanza somo hilo darasa la 10. Safu mbili tu. Mwanafunzi wangu akiniletea mizania iliyofichwa upande mmoja namkata alama, na kwenye swali la maadili ataniandikia aya nzima kueleza kwa nini jambo hilo ni udanganyifu.

Kundi langu moja lilianza likiwa na watoto 41. Waliokaa kwenye mtihani wa matriki walikuwa 14, na wote 14 walifaulu. Jina la shule lilisomwa kwenye mkutano wa walimu, asilimia mia kwa Uhasibu, nikaitwa mbele, nikapewa cheti, nikapigwa picha nimekishika kwa mikono miwili. Kipo kwenye droo ya meza yangu. Chini yake kuna nakala za fomu 27, na kwenye kila moja, nafasi ya katikati, ipo sahihi yangu.