King'ora kikilia bure Lubumbashi, nani alipe?

Katika kartiye za Lubumbashi zenye kuta ndefu, kama vile Golf, king'ora kikilia usiku wa manane ni nadra jirani kufungua mlango wake. Amekwisha kuzoea kwamba sauti ile hufuata umeme unapokatika au unaporudi, na kwamba itanyamaza yenyewe au italia mpaka mwenye nyumba apatikane kwa simu. Hapo ndipo linapoanzia swali ambalo meya na mabugumestre wetu (wakuu wa komini, yaani sehemu za kiutawala za mji) hawataliepuka kadiri vifaa hivi vinavyozidi kuenea: je, mji au komini ziweke masharti juu ya alarmu za nyumba na maduka, na kama ndiyo, ni nani wa kuwajibishwa kengele inapolia bila mwizi?

Nchi zilizotutangulia katika jambo hili zina uzoefu wa kutufaa. Huko Marekani, uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya miito ya alarmu inayofika polisi ni ya uongo, na sehemu kubwa husababishwa na watumiaji wenyewe: mtu amesahau namba ya siri, mlango haukufungwa vizuri, mgeni ameingia bila kuelezwa. Miji mingi huko ikaanza kuandikisha alarmu na kuwatoza faini wenye nyumba kila wanapozidisha idadi fulani kwa mwaka. Salt Lake City ilikwenda mbali zaidi mnamo Desemba 2000, ikaamua kwamba polisi hawatatoka kwa sababu ya alarmu ya wizi mpaka mtu, kwa kawaida mlinzi wa kampuni binafsi, athibitishe kwa macho kwamba kuna jambo. Miito ya alarmu waliyoshughulikia polisi ilipungua kwa takriban asilimia 90. Uingereza ilitumia njia nyingine. Kwa mwongozo wa wakuu wa polisi, nyumba inayotoa miito mitatu ya uongo ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya polisi kuikimbilia kwa sababu ya alarmu yake, na sheria ya mwaka 2005 ikaziruhusu serikali za mitaa kukizima king'ora kinacholia mfululizo zaidi ya dakika 20.

Anayetaka tuige haya ana hoja yenye uzito. Sauti inayoamsha mtaa mzima mara kwa mara ni dhuluma kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga na kwa mfanyakazi wa zamu ya alfajiri. Tena inaua kile ambacho alarmu iliwekwa kukileta, yaani watu kuja. Sheria ikinyamaza, mwenye kifaa kibovu hapati sababu yoyote ya kukitengeneza, kwa kuwa usumbufu wote huwaangukia wengine.

Hata hivyo, kabla ya kunakili faini za Marekani, inatupasa kuuliza ving'ora vyetu hulia kwa nini, kwa maana chanzo hapa hakilingani na kile cha kule. Mfumo wa kawaida una kisanduku kikuu chenye betri ndogo ya akiba, ambayo ikiwa nzima hubeba kazi kwa saa kadhaa tu. SNEL, shirika la umeme la taifa, ikikata umeme usiku kucha, betri hiyo hukauka, na betri ya namna hiyo ikikaushwa mara nyingi hufa kabisa hata kama bado ni mpya. Ving'ora vingi vya nje navyo vina betri yao wenyewe, na vimeundwa kulia pindi vinapokosa umeme kutoka kwenye kisanduku, ili mwizi asiweze kuvinyamazisha kwa kukata waya. Kwa hiyo kisanduku kikizimika kwa kuishiwa nguvu, king'ora hudhani waya umekatwa, kikaanza kupiga kelele. Umeme unaporudi kwa kishindo, vihisi vinavyopima joto la miili huwaka upya na vinaweza kutoa ishara kabla havijatulia. Ukiongeza radi za majira ya mvua, vumbi la kiangazi na buibui anayejenga utando mbele ya kihisi, utaona kwamba mwenye nyumba wa Lubumbashi anaweza kufuata kila agizo aliloachiwa na fundi na bado akawaamsha majirani.

Kwangu mimi hilo linabadilisha hesabu yote. Faini kwa mwenye nyumba ina maana pale ambapo kosa ni la uzembe wake. Pale ambapo kosa linatokana na betri ndogo iliyochaguliwa na muuzaji anayejua fika hali ya umeme wa mji huu, faini hiyo humwacha mkosaji na kumwadhibu mteja aliyekwisha kulipa mara moja.

Upande wa pili una pingamizi la kisheria ambalo watetezi wa kanuni hulipita haraka mno. Sheria ya 7 Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za mitaa zilizogatuliwa inazipa miji na komini uwezo wa kutunga kanuni zao, lakini hazina uhuru wa kubuni tozo zipendavyo. Katiba inasema kodi huwekwa na sheria pekee, na amri yenye nguvu ya sheria ya 13 Machi 2018 imeorodhesha kodi na tozo ambazo mikoa na mamlaka hizo zinaruhusiwa kukusanya. Ada ya kuandikisha alarmu isiyotajwa humo ingekuwa tozo nyingine isiyo na msingi, na wakazi wetu wanajua vizuri tozo za namna hiyo huishia wapi. Tena ningeogopa lile daftari lenyewe zaidi ya ada. Orodha ya nyumba zenye alarmu, pamoja na anwani na majina ya walio na funguo, ni orodha ya nyumba zenye mali. Kuiweka katika ofisi ambayo karatasi zake hupita mikono mingi ni kumrahisishia kazi yule yule tunayemkimbia.

Wazo la polisi kungoja uthibitisho nalo ni gumu zaidi hapa kuliko Salt Lake City. Ibara ya 182 ya Katiba inaikabidhi Polisi ya Taifa usalama wa watu na mali zao, na sioni jinsi kanuni ya komini inavyoweza kuipunguzia wajibu huo. Isitoshe, anayetumwa kuthibitisha ni nani? Ni mlinzi wa kampuni, ambaye kwa kanuni za gardienaji (ulinzi wa kampuni binafsi) za nchi yetu habebi bunduki, na ambaye mara nyingi ana fimbo, tochi na redio tu. Katika mji ambao baadhi ya wezi wa usiku huja na silaha, kumwambia mtu huyo aingie kwanza ili polisi wajue kama wana sababu ya kuja ni kumtwika hatari ambayo mshahara wake hauilipi. Mjadala wa alarmu huzungumza sana juu ya wenye nyumba na polisi, na yeye hatajwi. Nadhani kanuni yoyote isiyoanza kwa kumfikiria haifai kupitishwa.

Kuna pia mji ule mwingine, usio na visanduku wala vihisi. Katika kartiye za kawaida, watu huitana kwa filimbi, kwa kugonga masufuria na kwa kupiga yowe. Wapo wanaosema mfumo huu ni bora kwa sababu mtu ameona kabla ya kupiga. Ni kweli kwamba hautegemei umeme, na kwamba majirani hutoka. Lakini filimbi ya uongo ina madhara ambayo king'ora hakina. King'ora kikikosea, usingizi hupotea. Filimbi ikikosea, anayepita njia kwa bahati mbaya, mlevi, mgeni au mgonjwa wa akili, anaweza kupigwa hadi kufa na kundi ambalo halijauliza swali hata moja. Ikiwa komini ina nguvu chache na inapaswa kuchagua wapi izitumie kwanza, ningeziweka hapa: mkuu wa avenyu ajulikane, aliyekamatwa apelekwe polisi akiwa hai, na aliyechochea kipigo ashtakiwe.

Kwa alarmu za umeme, ningekubali kanuni fupi yenye kumlenga muuzaji na kampuni. King'ora cha nje kisilie zaidi ya dakika 15 kwa mkupuo. Betri ya akiba iendane na urefu halisi wa mgao wa umeme. Kisanduku kiwe na kinga dhidi ya umeme unaorudi kwa nguvu. Na kampuni yenye mkataba iwe na mtu wa kuzima kelele usiku huo huo, majina ya wenye funguo yakibaki kwake na si ofisini. Kampuni ambayo vifaa vyake vinarudia kulia bure ndiyo itakayoonywa, kisha kusimamishwa kufunga vipya.

Najua udhaifu wa pendekezo hili. Kampuni zitapandisha bei, na betri kubwa ni ghali. Fundi anayenunua vifaa sokoni na kuvifunga siku ya Jumapili hana mkataba wala ofisi, hivyo kanuni itawabana wenye kibali na kumwacha yeye. Kwa nyumba za namna hiyo sioni njia ila kumwajibisha mwenye nyumba mwenyewe, na hata hapo kwa onyo la maandishi kwanza, likimpa muda wa kutosha kubadilisha betri kabla ya kuzungumzia adhabu.