Tintin wa kauri: kumuenzi Hergé au kuuza jina lake?

Mwaka 1936 Mbelgiji Georges Remi, maarufu kwa jina la Hergé, alichora jalada la hadithi yake ya Uchina, Le Lotus bleu. Tintin, mwanahabari kijana ambaye ni shujaa wa katuni zake, na mbwa wake Milou wamejificha ndani ya mtungi wa kauri, vichwa tu vikichungulia, na joka kubwa linawakodolea macho. Mchapishaji aliikataa picha hiyo kwa kuwa kuichapa kungegharimu mno. Januari 2021 iliuzwa mnadani Paris, mikunjo yake ikionekana, kwa zaidi ya euro milioni 3.

Sisi wengine tunabaki na vikombe, sahani na visanamu vya Tintin. Je, hivyo navyo ni kumuenzi msanii?

Wanaovitetea wana hoja nzito. Hergé hakutaka mtu mwingine aendeleze Tintin, na tangu afariki mwaka 1983 shujaa huyo hajapata safari mpya. Bidhaa ndizo zinazomweka machoni pa watu. Tena uchoraji wake unakubaliana na sahani: mstari safi, rangi bapa, vivuli karibu hakuna. Kisanamu ndicho kinachonitia shaka. Kile kishungi cha nywele, ambacho kwenye karatasi ni mkwaruzo mmoja wa kalamu, kikifinyangwa huvimba kama pembe, na taa ya kabati humtupia usoni kivuli ambacho Hergé hakukichora.

Halafu kuna hesabu za uhaba. Mchoro wa 1936 uko mmoja tu. Kisanamu chenye namba na cheti kimetoka kwenye kalibu ambayo ingeweza kutoa vingine vingi. Uhaba wake umeamuliwa ofisini.

Kwa msomaji wa Kongo suala ni zito zaidi. Hadithi ya Tintin au Congo (yaani Tintin nchini Kongo) ilianza kutoka mwaka 1930, mchoraji akiwa hajawahi kukanyaga huko, na Wakongo wamechorwa kama vikaragosi. Mwaka 1946 aliirekebisha: darasa ambalo Tintin aliwafundisha watoto kwamba nchi yao ni Ubelgiji likageuka somo la hesabu. Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo aliipeleka hadithi hiyo mahakamani Brussels mwaka 2007 kwa madai ya ubaguzi wa rangi, akashindwa. Kitabu angalau kinaweza kuongezewa dibaji ya kueleza zama zake. Kikombe hakina pa kuiweka.

Ajabu ni kwamba mafundi wa Kinshasa huchonga Tintin wa mti na kumuuza kwa watalii bila kibali cha mtu. Ulaya haki za Hergé zinalindwa hadi mwisho wa 2053, kwa hiyo kwa wenye haki hiyo ni bandia. Mimi naona ina uhai kuliko nyingi zenye cheti, maana aliyechekwa ndiye sasa anayeshika patasi.

Anayetaka kununua, achukue sahani au kikombe, tena akinywee chai. Cheti hakimwahidi kwamba kesho atapata mtu wa kulipa zaidi.