Syunik kuna wenyewe

Tangu makubaliano ya Washington ya Agosti 2025 kati ya Armenia na Azerbaijan, Syunik, mkoa wa kusini kabisa mwa Armenia, unatajwa kama njia tu. Ukanda, ndivyo wengi wanavyouita. Azerbaijan inataka kuifikia Nakhchivan, sehemu yake iliyotengwa upande wa magharibi, na katikati upo mji wa Meghri wa Syunik, mpakani na Iran. Neno hilo linanikera. Ukanda ni pa kupitia, na watu wa Syunik hawapiti. Wanaishi pale.

Tena wameishi zamani sana. Monasteri ya Tatev, ukingoni mwa korongo la mto Vorotan, ni ya karne ya 9. Uani kwake imesimama nguzo ya mawe iitwayo Gavazan, ndefu kama mita 8, iliyoundwa iweze kuyumba na kurudi wima. Wenyeji husimulia kwamba ilikuwa ikitikisika kwa kishindo cha farasi wa maadui, watawa wakajua hatari inakuja. Mwanateolojia Grigor Tatevatsi alifundisha hapo karne ya 14. Na milima hiyohiyo ndiyo iliyomhifadhi kamanda wa Kiarmenia Davit Bek alipoongoza uasi wa miaka ya 1720.

Lakini mimi nakwama Shurnukh. Barabara ya kutoka Goris kwenda Kapan inakipasua kijiji hicho katikati. Baada ya vita vya 2020 kati ya Armenia na Azerbaijan, mpaka wa enzi ya Sovieti, ambao kwa miaka mingi hakuna aliyeujali, ulifufuliwa ukafuata barabara. Januari 2021 wenye nyumba 12 za upande mmoja wakalazimika kuhama. Yaani umelala Armenia, unaamka unaambiwa jiko lako liko Azerbaijan! Na haki inanilazimu niseme hili pia: kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 Shurnukh walikaa Waazerbaijani, nao wakaondoka kwa uchungu uleule.

Septemba 2023, zaidi ya watu 100,000 waliikimbia Nagorno-Karabakh, eneo la Waarmenia ndani ya Azerbaijan lililotwaliwa na jeshi la Azerbaijan, kwa siku chache, wakapokelewa kwanza Goris, mji mdogo wenye wakazi wapatao 20,000.

Reli inayopangwa kupita kwenye huo wanaouita ukanda siipingi. Treni zilipita Meghri kando ya mto Aras hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ninachodai ni kwamba wakulima wa makomamanga na tini wa pale waulizwe mapema: njia itakata shamba la nani, na je, treni itasimama Meghri nao wapande?