Kamati Inayovunjwa na Kamati Isiyovunjika

Kwenye ubao wa matangazo wa klabu ya gofu ninayochezea, katika mji mdogo wa Fife huku Uskoti, kuna karatasi iliyobandikwa tangu Januari na ambayo sasa imeanza kujikunja pembeni kwa unyevu. Imeorodhesha nafasi sita za kamati, na mbele ya kila nafasi umeachwa mstari wa kuandika jina. Mistari minne imejazwa na watu walewale wa mwaka jana. Ule wa msimamizi wa uwanja na ule wa mratibu wa mashindano bado ni mitupu. Jumamosi iliyopita nilimwona mwanachama mmoja akiusoma ubao huo kwa makini, akatoa kalamu mfukoni, nami nikafurahi moyoni, kumbe ananakili namba ya simu ya fundi wa paa iliyobandikwa chini yake.

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, fomu ya uongozi inayokosa wagombea ni kioja. Kwetu hata kamati ya kisima ina kampeni, ina makundi mawili yasiyosalimiana, na ina mzee mmoja anayedai kura zihesabiwe upya. Sababu mnaijua kuliko mimi: kuna posho ya kikao, kuna bahasha ya nauli kwa mtu aliyekuja kwa miguu, na kuna utamu wa kuitwa mheshimiwa mjumbe mbele ya wakwe. Huku mjumbe halipwi hata senti, hakuna anayemwita mheshimiwa, na chai ya kikao anajinunulia mwenyewe. Nakiri kwamba mwaka wangu wa kwanza niliona hali hiyo kuwa ndiyo ustaarabu wenyewe, na nikawaandikia jamaa zangu wa Tabata maneno ambayo leo nayaonea haya.

Maana hebu tazama kazi yenyewe. Nahodha wetu wa mwaka juzi ni fundi bomba mstaafu. Asubuhi moja ya Desemba, jani likiwa limeganda kwa baridi kiasi kwamba ukilikanyaga linavunjika, nilimkuta peke yake kwenye shimo la saba, glovu zimeloa, akihamisha bendera kwenda kwenye kijani cha muda (kijani ni eneo la nyasi fupi lenye shimo la kuingizia mpira) ili wachezaji wasiharibu kile cha kudumu. Alipomaliza akashika reki na kusawazisha mchanga wa shimo la kumtega mchezaji, ambao mtu mwingine, pengine mimi, aliuacha umevurugika jana yake. Jioni ya siku hiyo kulikuwa na kikao, na ajenda ilikuwa nyungunyungu. Sifanyi mzaha. Dawa iliyokuwa ikitumika zamani kuwazuia imepigwa marufuku Uingereza, kwa hiyo vichuguu vyao vinaziba kila kijani wakati wa mvua, na wanachama humwandikia msimamizi wa uwanja barua za ukali kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa.

Basi huyo ndiye mtu tunayemtafuta kwa karatasi ile. Atabeba lawama za nyungunyungu, atasoma sheria za ajira kwa sababu klabu ina watunza uwanja wawili, atahakikisha leseni ya baa haijaisha na taarifa za wanachama zimehifadhiwa kisheria. Tena vilabu ambavyo havijasajiliwa kama kampuni vinaweza kuwaacha wajumbe wake wakiwajibika wao binafsi kwa madeni. Tangu 2020 watu wengi wameingia kwenye gofu, kwa kuwa wakati wa korona mchezo huo ulikuwa miongoni mwa michezo michache iliyowezekana nje, lakini wengi wa wageni hawa wanalipa ada, wanacheza, wanaondoka. Ndiyo maana vilabu vingi vinaajiri meneja na kuipunguza kamati iwe bodi ndogo, na wapo wanaosema kwamba kamati ya kujitolea haitafika mbali.

Najua tayari kuna mtu anaandaa jibu. Atasema: huyu juzi tu alikuwa anagombania daladala Mwenge, leo anatufundisha mambo ya vilabu vya Wazungu, na gofu yenyewe ni mchezo wa wenye nazo. Ndugu yangu, gofu niliijua kwa kubeba mikoba ya fimbo za watu wengine huko Dar, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo hilo la wenye nazo tuliweke pembeni. Wala sisemi kwamba Waskoti wamebarikiwa hekima. Klabu ya Muirfield, ambayo waanzilishi wake waliandika kanuni za kwanza za gofu mwaka 1744, ilipiga kura mwaka 2016 kuamua kama wanawake waruhusiwe kuwa wanachama. Asilimia 64 wakakubali, lakini kwa kuwa zilihitajika theluthi mbili, wanawake wakabaki nje hadi kura ya mwaka uliofuata. Mwenye kudhani kwamba kujitolea bila posho humfanya mtu awe na busara aanzie hapo.

Wala sikubali kwamba sisi hatujui kujitolea. Huo ni uongo tunaojisingizia wenyewe. Nilikuwepo likizo wakati kamati ya harusi ya binamu yangu inakutana kila Jumapili kwenye grosari moja ya Tabata. Mhazini alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kaunta buku lenye safu tatu: jina, ahadi, kilicholipwa. Alilifungua taratibu, akavaa miwani, akasoma majina ya wadaiwa kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia mahudhurio darasani, na watu wazima wenye magari wakainamisha vichwa na kutoa simu zao kutuma pesa papo hapo. Kulikuwa na kamati ndogo ya chakula, ya mapambo, ya usafiri. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyekosa, na ndani ya wiki kumi watu waliokuwa hawajuani waliendesha bajeti ambayo klabu yangu ya Fife ingeijadili miaka mitatu.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba kamati ya harusi ina siku ya kuvunjwa. Mjumbe anajua kazi yake inaishia wapi, na anajua kwamba baada ya hapo kutakuwa na sherehe ya kuvunja kamati, atakula, atashukuriwa kwa jina, ataenda kwake. Kamati ya klabu haina siku hiyo. Huku anayeingia anaogopa kwamba hatatoka, na kwetu anayeingia anakataa kutoka.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka kamati zizikwe, iwe hapa au kwetu, maana meneja wa kuajiriwa, hata akiwa hodari, hatasawazisha mchanga asubuhi ya baridi kwa mapenzi. Mwajirini ashughulike na leseni, mishahara na sheria. Kazi nyingine zimeshapungua zenyewe: tangu 2020 dunia ina mfumo mmoja wa handikapu, yaani alama ya kiwango cha mchezaji, badala ya sita, na hesabu zinafanywa na kompyuta. Hapo jirani, St Andrews, viwanja vinaendeshwa na taasisi ya udhamini iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974, na vilabu vinavyochezea pale havihangaiki na ukataji wa nyasi. Kinachobaki kigawanywe kwa kamati ndogo zenye kazi moja na tarehe ya mwisho: ya mashindano ya kiangazi, ya kukarabati mashimo ya mchanga, ya vijana. Atakayesema kwamba vilabu vya gofu vya Dar, Gymkhana au Lugalo, haviwezi kuiga mambo ya harusi ajiulize ni wangapi kati ya wanachama wa hapo hawajawahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Juzi nilichukua kalamu nikaandika jina langu kwenye mstari wa mratibu wa mashindano, na pembeni nikaongeza kwamba ni hadi tarehe 30 Septemba, baada ya hapo kamati ivunjwe. Katibu alinipigia simu usiku akidhani nimekasirika. Ilinichukua nusu saa kumweleza maana yake, na mwishowe akauliza kama jambo hilo lina gharama. Nikamwambia lina gharama moja tu, mbuzi, na tangu hapo anatafuta bucha linalouza.