Jembe Langu na Makaa ya Waingereza

Jumamosi iliyopita jembe langu jipya, ambalo halikuwa limetimiza hata wiki mbili tangu nilinunue hapa Iringa mjini, lilipasuka pale mpini unapoingia, nikiwa kwenye tuta la tatu la viazi, manyunyu yakinilowesha na mke wangu akinitazama kutoka mlangoni bila kusema neno. Jembe hilo lilivuka bahari kunifuata. Nami naishi safari moja ya daladala kutoka Isimila, ambako watu walichonga shoka za mawe wakati mahali ilipo London leo hapakuwa na hata kibanda. Shoka zile ni nzima hadi leo, pengine kwa sababu hazikuwa na mpini.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuja kunipa pole na, kama kawaida yake, akaigeuza pole kuwa kipindi. Alinieleza kuwa Waingereza hawakututangulia katika viwanda kwa akili, bali kwa makaa ya mawe yaliyokuwa karibu na maji, yakasafirishwa kwa meli hadi London kwa gharama ndogo. Na migodi ilipojaa maji, Thomas Newcomen akaunda, mwaka 1712, mashine ya mvuke ya kuyavuta, ambayo ilikula makaa kama shemeji aliyekuja kusalimia akakaa mwezi, lakini pale mgodini chakula hicho kilikuwa cha kuokota. James Watt aliipunguzia ulafi kwa hataza yake (haki ya mvumbuzi) ya 1769. Wachina nao walikwisha kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe tangu karne ya 11, ila baadaye biashara yao kubwa ilihamia kusini, makaa yakabaki kaskazini. Faida waliyoipata Waingereza kwa sukari iliyolimwa na watumwa aliigusa kwa sentensi moja, na mimi ningependa angekaa hapo zaidi.

Nikamkatiza. "Mwalimu, Ludewa tuna makaa Mchuchuma na chuma Liganga, wilaya moja. Wafipa walifua majembe kwa chuma walichoyeyusha wenyewe katika tanuru ndefu za udongo, mpaka bidhaa rahisi za ng'ambo zilipowaharibia soko. Mbona mimi nimeshika mpini mtupu?"

Akaanza na umbali wa bandari, akaingia kwenye titani, metali iliyochanganyika na chuma cha Liganga, akafika kwenye mtaji. Mvua ikakolea.

Mke wangu akaja na jembe la kuazima, akanikabidhi, kisha akamuuliza mwalimu kwa adabu kama wale wa Isimila nao walikuwa wakisimama hivi.